Kinu Kilichomnywesha Baba Mkwe

Nilipoolewa, mume wangu alikaa nami majuma matatu, kisha barua ya uhamisho ikamfikia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa mwalimu wa kwetu Malindi aliweza kuamka asubuhi akaambiwa anahitajika Lindi. Nasema Malindi ya milimani, juu ya Lushoto, si ile ya pwani ya Kenya. Alitangulia peke yake. Baada ya miezi miwili akaandika kwamba amepata chumba chenye dirisha, na kwamba sasa niletwe.

Niletwe, si niende. Mke mpya hakusafiri peke yake. Alipelekwa na watu wa kwao mume, akakabidhiwa. Shemeji yangu mmoja alikuwa Mponde kwenye mashamba ya chai, na mwingine alikuwa ameteguka mguu. Basi baba mkwe akasema atakwenda mwenyewe, pamoja na mama mkwe. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, aliyepima kila jambo kama anayechimba mfereji wa maji shambani: kwanza anautazama mteremko, anautazama tena, ndipo anachukua jembe. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Mimi pia.

Njia ya barabara haikuwezekana. Ilikuwa masika, na miaka hiyo Rufiji ikifurika, magari ya kusini yalilala ng'ambo ya mto siku nyingi yakingoja maji yapungue. Tukashauriwa tuteremke Soni, Mombo, hadi Tanga, tupande meli ya kwenda kusini.

Hapa inanibidi nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo yaliyotokea yataonekana upuuzi mtupu.

Katika ukoo nilioolewa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakuonana wakila wala wakinywa. Hawakupeana kitu mkononi. Hawakusemezana moja kwa moja. Maneno yalipita kwa mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mama mkwe. Kama hakuna mtu wa tatu, maneno yaliambiwa kitu. Mgeni akifika nikiwa jikoni peke yangu, nilisema kwa sauti, "Wewe jiko, nje kuna mgeni," na baba mkwe aliyekuwa chumba cha pili akasikia. Naye akauambia mlango, "Wewe mlango, mgeni apewe kiti." Jiko halijibu, mlango hauchoki, na kazi za nyumba zinaendelea.

Vijana nikiwasimulia hucheka. Nawaacha wacheke wamalize, kisha nawauliza wanajua nyumba ngapi ambamo mzee na mke wa mwanawe wamekaa miaka thelathini bila kutupiana neno baya. Mimi nazijua nyingi. Desturi ile ilikuwa kazi, lakini ilifanya kazi.

Tulipofika Tanga, mama mkwe akashikwa na homa. Tulilala siku mbili kwa dada yake tukitumaini itashuka, haikushuka. Meli nyingine ingekuja baada ya karibu mwezi. Siku ya safari mama mkwe aliniita kitandani.

"Nendeni," akasema.

"Mama, nani atakuwa katikati?"

"Huko melini hakuna jiko wala mlango, lakini hamtakosa kitu cha kusemesha. Chakula chake mwekee mahali, uondoke. Viazi visiwe vya baridi sana. Nenda."

Tukaondoka wawili, yeye mbele na mimi hatua kumi nyuma.

Tulipanda jioni. Abiria wa bei ya chini tulikaa juu ya sitaha, chini ya turubai, kila mtu na mkeka wake. Katikati palipangwa makreti ya kabichi, nami nilifurahi kuyaona, kwa sababu nilijua kabisa yametoka kwetu. Huenda yalipitia soko la Soni juma lile lile. Nikatandika upande mmoja wa makreti. Baba mkwe akatandika upande wa pili. Rundo lilikuwa na kimo cha kifua. Nikiketi, simwoni, nikisimama, namwona mzima. Jambo hilo la kusimama sikulifikiria wakati ule, na nilipaswa kulifikiria.

Jirani yake upande wa kule alikuwa mama mmoja wa Pangani, mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa ukindu na mikeka. Aliwasemesha watu wote kana kwamba wamekulia uani kwake.

Karani wa meli alipita kukagua tiketi. Siku hizo kila mtu alikuwa ndugu, na karani alikuwa kijana wa siku hizo.

"Ndugu, tiketi," akamwambia baba mkwe.

Baba mkwe alimtazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mimi na wewe tumenyonya ziwa la nani?"

Sitaha ikacheka. Karani naye akacheka, akashika kofia yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa tiketi hii hapa."

Nilijisikia vizuri kusikia hivyo. Nikajiambia kwamba mzee yuko imara, safari itakuwa nyepesi. Nikapakua chakula tulichotoka nacho: viazi vya kuchemsha, maharage, na mapeasi ya mwisho ya msimu. Nikaweka sahani kwenye ukingo wa makreti.

"Wewe kabichi," nikasema, "chakula kipo."

Kisha nikaenda nyuma ya meli, nikasimama kwenye vyuma vya ukingo kwa muda ambao mtu mzima anaweza kula na kunawa. Niliporudi sahani ilikuwa tupu. Mama wa Pangani alinitazama akitabasamu, nami nikatabasamu. Asubuhi tulipoingia Dar es Salaam nikafanya vile vile. Meli ilishusha mizigo siku nzima, na sisi tuliokuwa tunaendelea tuliambiwa tusishuke. Mchana nikafanya vile vile. Kila mara sahani ilirudi tupu, nami nikawa nahesabu ushindi wangu kimoyomoyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimebeba heshima ya nyumba mbili kwenye sahani ya bati, na mambo yanakwenda.

Tulipotoka Dar es Salaam bahari ikabadilika. Sitaieleza sana. Mtu wa milimani amezoea ardhi inayopanda na kushuka, lakini amezoea ikae mahali pake. Nililala nimeshika kreti. Watu walitapika, nami nilitapika. Upande wa pili wa kabichi sikusikia kitu, nikadhani mzee amelala.

Kulipokucha meli ilikuwa imetia nanga mbele ya bandari ndogo. Jina lake naliacha. Waliotusaidia pale hawakutuuliza majina, nasi hatukuwauliza yao, na naona si vizuri kutaja mji na kuacha watu. Hapakuwa na gati la kutosha meli yetu. Kulikuwa na ufuko, minazi, safu ya nyumba za udongo na makuti, bendera moja, na kuta za darasa ambalo wanakijiji walikuwa wanalijenga kwa kujitolea. Saruji yao ilikuwa ndani ya meli yetu. Mashua zilikuwa tayari zinakuja kuichukua, na watu walikuwa wamejipanga ufukoni, wake kwa waume, kuibeba.

Nilikuwa natoa viazi kwenye kikapu, mama wa Pangani akaja upande wangu, akachuchumaa.

"We mwali," akasema, "viazi vya kwenu ni vitamu. Sijapata kula viazi kama hivyo."

Nikamwambia asante. Kisha nikajiuliza amevila lini.

"Nimekula mimi," akasema. "Vyote. Mzee wako ananisogezea sahani, ananiambia, 'Mama, maliza, binti asije akakuta kimebaki.' Mwanzo nikadhani amefunga. Nikasema labda na wao Wakristo wana Ramadhani yao. Lakini usiku wa leo nimemsikia anavyopumua, nikasema hapana, hii si funga."

"Na maji?"

"Maji sijamwona."

Nilifanya jambo ambalo sikupata kulifanya kabla. Nilizunguka makreti nikamtazama.

Alikuwa amelala kiubavu, macho yamefumbwa nusu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la mfereji uliokatwa maji. Karibu na kichwa chake kilikuwepo kibuyu chake, kimezibwa kwa gunzi la mahindi kama kilivyozibwa Tanga. Nilikinyanyua. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kimejaa.

Nilirudi upande wangu. Nilielewa mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, kwamba mzee yule angeweza kufa kabla ya Lindi. La pili, kwamba mume wangu angekuja bandarini kunipokea, akapokea maiti ya baba yake, na asingenilaumu hata kidogo. Hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi. Lawama mtu huijibu. Ukimya wa namna ile hukaa nao maisha yote.

"Wewe kabichi," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya heshima sana, "baba anywe maji. Mimi nakwenda upande mwingine."

Sauti nyembamba ikatoka nyuma ya makreti.

"Kabichi, mwambie melini hakuna upande mwingine."

Ndipo nikasimama na kuangalia sitaha kama alivyoiangalia yeye. Nyuma ya meli, pale nilipokwenda kusimama kwa adabu kila wakati wa chakula, nilikuwa naonekana kutoka kila mahali, na kila mahali palionekana kutoka pale. Nyumbani kuna ukuta, kuna kona ya nyumba, kuna migomba. Mimi niliona nimeondoka. Yeye aliona nimesimama kwenye vyuma, mrefu kama mlingoti, nikiwa na nafasi ya kugeuza shingo wakati wowote. Tena bahari ilikuwa inamlevya. Angekula, angetapika, mbele ya mke wa mwanawe. Alikuwa ameutazama mteremko, akaona ataweza kuvumilia mpaka Lindi. Safari hii alikosea kupima.

Mama wa Pangani alikuwa ananiangalia nikisema na kabichi. Nilimweleza desturi yetu haraka haraka. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hapa hatanywa," akasema. "Dawa yake ni nchi kavu. Dada yangu anakaa pale, nyumba ya tatu. Mimi nashuka kumpelekea ukindu. Tushuke naye."

Baharia mmoja mwenye mabega mapana alimbeba baba mkwe mgongoni kushuka ngazi, akamlaza juu ya mifuko ya saruji katika mashua. Mzee alifumba macho njia nzima. Nahodha wa mashua akatuambia, "Nitakwenda na kurudi mara tatu. Maji yakianza kutoka, nawachukua. Simsubiri mtu, nisije nikakwama."

"Maji yatoke yaende wapi?" nikauliza.

Watu wa mashua wakacheka mpaka makasia yakasimama. "Huyu katoka wapi huyu?" mmoja akauliza. "Milimani," akajibu mama wa Pangani. "Maji ya kwao yakishaondoka hayarudi. Mwacheni."

Dada yake alikuwa mjane, mwembamba kama alivyokuwa mwenzake mnene. Alitoka barazani, akamwona mzee amebebwa, akaniona mimi nyuma na kikapu, akapiga makofi.

"Lo! Mwana huyu kaozwa mzee kiasi hiki? Wazazi wako walikosa kijana, mwanangu? Hata mmoja?"

"Shikamoo, mama. Si mume wangu. Ni baba wa mume wangu."

"Marahaba. Astaghafirullahi! Mzee wangu, nisamehe, mdomo wangu hauna mlango. Mlazeni hapa, mlazeni hapa."

Wakamketisha barazani, mgongo ukutani. Mwenyeji akaleta dafu, akalikata kichwa kwa mapigo matatu, akamwekea mikononi. Mikono ya baba mkwe ilikuwa inatetemeka na maji ya dafu yalikuwa yanamwagikia magotini. Lakini hakunywa. Aliitazama nguzo ya baraza.

"Wewe nguzo," akasema, "binti yuko wapi?"

Nikaondoka mbio, nikazunguka nyumba, nikaingia uani. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ukumbi mmoja katikati, ukitoka barazani unatokea uani moja kwa moja. Mwenyeji akatundika mkeka kwenye mlango wa uani. Nikakaa chini, nikasubiri. Nilisikia mama wa Pangani akisema, "Kunywa basi, mzee, hakuoni." Kisha kimya kirefu.

"Nini tena?" akauliza mwenyeji.

Baba mkwe alijibu polepole, na kila neno nililisikia. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mji wote ulikuwa ufukoni kwenye saruji; hapakuwa na kelele yoyote, hata kuku walikuwa wamenyamaza kwa joto. "Nikimeza," akasema, "atasikia."

"Heshima ni jambo jema, mzee wangu," akasema mwenyeji, "lakini haijapata kumnyima mtu maji."

"Mama, ingekuwa rahisi isingeitwa heshima."

Nilikaa pale nyuma ya mkeka nikaziba masikio kwa vidole. Haikusaidia kitu, kwa sababu yeye hakuwa na namna ya kujua nimeziba. Fikiria jambo hilo. Mimi na yeye tulitaka kitu kimoja, na kati yetu hapakuwa na adui. Kulikuwa na kitu kizuri tu, kilichojengwa na watu wenye akili kwa ajili ya nyumba zenye kuta nene na kelele za watoto, na sasa tulikuwa tumekichukua tukakileta mahali ambapo hapakuwa na lolote kati ya hayo.

Mwenyeji akaingia uani. Aliniona nimeziba masikio. Akatazama huku, akatazama kule. Kando ya jiko palikuwa na kinu, na ndani yake makopa, mihogo mikavu ambayo alikuwa ameanza kuitwanga asubuhi akaiacha. Akauchukua mchi, akanitia mkononi.

"Twanga," akasema.

"Nitwange?"

"Twanga! Kwenu hamtwangi? Piga kwa nguvu, wala usiache mpaka nikwambie."

Nikatwanga. Makopa yalikuwa magumu, na mchi ulikuwa mzito kuliko wa kwetu. Kishindo kilijaa ua mzima, kikagonga ukuta, kikarudi. Mwenyeji alisimama kwenye pembe ya mkeka, mahali ambapo jicho moja liliona barazani na jingine liliniona mimi.

"Anakunywa!" akapiga ukelele.

Nilifurahi mno nikaacha kutwanga.

"Kaacha! Mbona umeacha? Na yeye kaacha! Twanga, mwana!"

Nikatwanga. Tukaenda hivyo. Nikipumzika kufuta jasho, baba mkwe anapumzika naye, dafu limesimama kidevuni. Nikianza, anaanza. Baadaye nikagundua kwamba anafuata mapigo: mchi ukishuka anameza, ukipanda anangoja. Nikapunguza mwendo asije akapaliwa. Kwa kweli nilikuwa namnywesha, kama mtu anavyomnywesha mtoto kwa kijiko, ila kijiko changu kilikuwa na urefu wa mtu na kilikuwa upande wa pili wa nyumba.

"Salale!" nilimsikia mama wa Pangani. "Huku watu wanatwanga makopa, huku watu wanashiba dafu!"

Dafu la kwanza likaisha. La pili akatapika nusu yake, na mwenyeji akaniamuru nitwange kwa fujo zaidi, nikafanya hivyo, tapishi nalo lisisikike. La tatu likakaa. Halafu wakampa uji mwepesi wenye chumvi, halafu wakampasulia dafu akwangue nazi yake laini. Makopa yalikuwa yamekuwa unga zamani. Nilikuwa natwanga unga. Viganja vilinitoka malengelenge, mimi niliyeshika jembe tangu utotoni.

Kutoka ufukoni nahodha akaita. "Abiria! Maji yanatoka!"

"Na huku yanaingia!" akajibu mwenyeji. "Subiri!"

"Nitakwama, mama!"

"Kwama! Utakula kwangu!"

Nikatwanga mara ya mwisho, nadhani mapigo hamsini hivi, mpaka mwenyeji akainua mkono. Kukawa kimya. Katika kimya hicho nikasikia sauti ya baba mkwe, bado nyembamba, lakini ni yake.

"Wewe nguzo, mwambie binti apumzishe mikono."

Alikwenda kwenye mashua kwa miguu yake, akiegemea fimbo ya mwenyeji, na mama wa Pangani akitembea kando yake. Mimi nilifuata hatua kumi nyuma. Pale mashua ilipotushusha asubuhi palikuwa mchanga mtupu, na kaa wadogo wanakimbia juu yake. Hivyo ndivyo nilivyojua maji yanakwenda wapi: yanakwenda tu. Ilitubidi tutembee ndani ya maji mpaka magotini kufikia mashua, na nahodha alinuna mpaka alipomwona mzee anapanda mwenyewe.

Mwenyeji aliniwekea madafu mawili kikapuni. "Umenimalizia makopa yote," akasema. "Kesho nitafanya kazi gani mimi?" Mama wa Pangani alirudi nasi melini na samaki wa kukaanga aliyenuka vizuri.

Kutoka pale hadi Lindi ilikuwa safari ya alasiri na usiku. Madafu matatu yasingemfikisha mtu mbali. Niliketi upande wangu wa makreti nikafikiri, na nilipomaliza kufikiri nikasema polepole, kama nilivyokuja kuwaeleza mambo watu wazima miaka mingi baadaye, nilipofundisha madarasa ya jioni ya kusoma na kuandika.

"Wewe kabichi. Desturi inataka mtu asionekane wala asisikike. Haikusema awe mbali. Kuhusu kusikika, hapa injini inatwanga mchana kutwa. Kuhusu kuonekana, mimi naweza kuketi nikiegemea makreti haya, nikatazama kaskazini, nisisimame. Baba akiegemea upande wake, anatazama kusini. Tutakuwa tumepeana migongo. Mgongo hauna macho."

Hakujibu. Nilijua hajakataa, alikuwa anatazama mteremko. Niliuona mstari wa minazi ukipita, ukaisha, ukaanza tena.

"Kabichi," akasema mwishowe, "ni kweli mgongo hauna macho."

Niliweka sahani yake ukingoni, nikaweka yangu mapajani, nikageukia kaskazini. Tulikula pamoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula kwa wakati mmoja na baba mkwe. Sikumwona wala sikumsikia, lakini kreti lilisogea kidogo kila alipojiegemeza, nami nikajua anakula. Baadaye nikasikia gunzi likichomolewa kwenye kibuyu.

Asubuhi tulikuwa Lindi. Mume wangu alikuwa gatini na shati jeupe. Alimwamkia baba yake, akauliza habari za mama, habari za homa, habari za safari. Baba mkwe alimjibu moja moja. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mkeo anatwanga vizuri."

"Anatwanga? Melini?"

"Nimesema anatwanga vizuri."

Hakueleza zaidi, kazi ya kueleza akaniachia mimi. Alikaa nasi mpaka barabara ilipofunguka, akarudi nyumbani kwa lori na basi, akisema bahari ameshaiona.

Miaka kadhaa baadaye tulikwenda likizo Malindi, na watoto wawili. Mama mkwe alikuwa ameteremka Soni sokoni na watoto. Nilimwekea mzee chakula chake chumba cha mbele, nikarudi jikoni kuchambua maharage. Nyumba ilikuwa na kuta nene, lakini siku hiyo hapakuwa na sauti yoyote, hata ya upepo. Kikapita kitambo. Halafu nikamsikia anakohoa.

"Wewe mlango," akasema, "leo hakuna anayetwanga?"

Kinu kilikuwa kitupu. Nikaweka maharage chini, nikachukua mchi, nikatwanga.